Tupeane uzoefu: mizani ya malori barabarani ilikufanyia nini?

MwanaKitengela: Leo nimepita mizani fulani nikaona kijana ameketi juu ya kokoto, koleo mkononi, ameinamisha kichwa. Nikakumbuka yangu. Wenye tipa, trela na malori, ni siku gani karatasi au uzito ulikukalia vibaya? Semeni kabla wengine hawajakopa pesa za sacco kununua lori.

TipaKumi: Wacha nianze. Nilikuwa na tipa ya magurudumu kumi, ekseli tatu (zile vyuma vinavyoshika magurudumu). Gari na mzigo pamoja mwisho ni tani 26: nane mbele, 18 kwa zile ekseli mbili za nyuma. Nikapakia mchanga Kajiado alfajiri, mkavu kabisa, nikajiona mjanja. Kufika Isinya, mvua! Turubai lilikuwa nyumbani, tanboi, msaidizi wangu, alikuwa amelianikia mahindi. Mchanga ukanywa maji mpaka ukashiba. Kupanda mizani, ekseli za nyuma zimezidi na jumla pia imezidi. Ekseli peke yake ingezidi kidogo ningesukuma mzigo mbele, lakini jumla ikizidi ni lazima upunguze. Basi koleo moja, watu wawili, jua la saa sita. Tukaanza kumwaga kando. Hata dakika kumi hazijaisha wakatokea watu na wilbaro. Mama mmoja akaniuliza, "Kijana, huu ni wa bure?" Nikakosa jibu. Jamaa wa mkokoteni alipiga safari tatu, ya tatu akaja na kaka yake. Huku mteja wa Ruaka anapiga simu kila baada ya dakika tano. Kiasi cha faini sikitaji hapa, mke wangu husoma.

Koleo_Moja: Kaka yake!! 😂

FundiSyokimau: Huo ndio uliojenga choo cha jirani yangu. Kimesimama vizuri sana.

TipaKumi: Mwambie ananidai shukrani.

MamaTrela: Mnacheka, mimi nilikuwa mwenye gari. Dereva alipakia zaidi Industrial Area, pesa ya juu akaweka mfukoni, faini nikabeba mimi. Madereva wasihurumiwe.

Dereva_CE: Mama, kwa heshima zako. Wenye magari ndio husema "ongeza kidogo tu, utapita." Mimi karatasi ya mzigo ilisema tani 26, ukitoa uzito wa gari mizani ikasema 30. Na kesi ikifika kortini dereva anaweza kushtakiwa, na mwenye gari pia anaweza. Hii leseni ya CE, ya kuendesha trela, niliihangaikia, siwezi kuichoma kwa simenti ya mtu.

MamaTrela: Kwa hivyo ni mimi nilisema "ongeza kidogo"?

Dereva_CE: Sijataja mtu.

MamaTrela: Umetaja.

MwanaKitengela: Wazee wangu, tuendelee.

Lobedi_Taratibu: Nilibeba ekskaveta, ile mashine ya kuchimba, kuelekea Naivasha. Kibali cha KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, ninacho, bendera nyekundu ziko, gari la kusindikiza liko mbele. Kibali changu kilikuwa cha mchana tu. Tairi likapasuka tukiwa Kinungi, tukatafuta jeki ya nguvu hiyo, jua likazama. Tukalala hapo. Nilikuwa na kabuti moja, tanboi hana. Wanaojua baridi ya Kinungi wanajua.

Koleo_Moja: Yule wa mkokoteni angekuja na blanketi.

KantaMpya: Samahani, mimi nina Canter tu, lori dogo, nami napanda mizani?

Dereva_CE: Uzito wote ukifika tani 3.5, panda. Usijifanye pikipiki.

Embakasi_Usiku: Ushauri: pima kwa mizani ya kulipia kabla ya kutoka.

Lobedi_Taratibu: Usipime, utapata presha bure. Pakia pungufu ulale.

Embakasi_Usiku: Ukipakia pungufu, dizeli italipwa na nani? Ongeza ekseli. Trela ya ekseli sita mwisho ni tani 50, ya ekseli saba 56.

MamaTrela: Na matairi ya hiyo ekseli utanunua wewe?

FundiSyokimau: TipaKumi, turubai ulinunua?

TipaKumi: Nilinunua jipya. Mahindi ya safari hii yamekauka vizuri.