Mdogo wangu kakosa penati, anatukanwa mtandaoni mpaka hataki tena mazoezi

Kaka_Mwanzange:
Wakuu habari za jioni. Niko Tanga hapa Mwanzange, nina mdogo wangu wa kike ana miaka 17 anacheza mpira, juzi kati timu yao ya mtaani ilifika fainali ya ndondo na penati ya mwisho akapiga yeye, ikapaa. Mpaka hapo sawa, mpira ndo ulivyo. Shida ikaanza usiku, mtu karekodi kaiweka Facebook, komenti za mwanzo watu wanacheka tu, baadae ikawa mara dumejike, mara apimwe kama kweli mwanamke, wengine wanamfuata inboksi Instagram na vitu siwezi kuandika hapa, na kwenye grupu la WhatsApp la mashabiki wamemtengenezea mpaka stika. Simu kazima, mazoezini haendi. Mama anasema apuuzie watachoka, baba anataka kuwafuata mmoja mmoja majumbani. Mnashauri nini?

Mnyama_wa_Pongwe:
Dogo akaze, mpira bila maneno si mpira bana. Sisi hapa mashabiki wa Simba na Yanga tunaitana kolo na utopolo kila siku na hakuna aliekufa. Saka wa England nae si alikosa penati na leo anakipiga freshi tu?

BintiSaruji:
We mnyama, kolo na utopolo ni timu, huyu ni mtoto wa watu anasemwa mwili wake, vinafanana wapi? Na huyo Saka unaemtolea mfano, fainali ya Euro Julai 2021 walikosa yeye, Rashford na Sancho, wote watatu weusi, usiku uleule wakajaziwa emoji za nyani. Hakuachwa akaze peke yake, polisi wa Uingereza walikamata watu na mwenyewe aliandika wazi kwamba hizi kampuni za mitandao hazifanyi vya kutosha. Tanga tuna utani wetu, Mdigo na Msambaa wanachambana mpaka msibani, ila mtani hakufuati inboksi saa nane usiku.

Admin_Ndondo:
Naendesha peji ya mechi za mtaani kwahiyo haya nayaona kila wikiendi. Kaka, kabla hujaripoti au kufuta chochote piga skrinshoti, na ionyeshe jina la akaunti, tarehe, na uchukue linki ya posti yenyewe, maana jina wanabadili dakika moja tu. Kwenye grupu msitoke kwanza, pale namba zinaonekana. Ukishahifadhi ndo umwambie admini wa grupu afute, ana uwezo wa kufuta meseji ya mtu yeyote kwa wote, akikataa ujue nae yumo.

Instagram kwenye setingi kuna sehemu ya kuficha komenti na meseji zenye maneno unayoandika mwenyewe. Hapo ndo watu wengi wanakosea, wanawasha ile ya kawaida wanadhani wamemaliza, wakati matusi yetu ya Kiswahili mengi haiyajui. Kaa nae muandike orodha, na zile spelingi za kuzungusha, mtu anaweka namba 0 badala ya o au nukta katikati. FIFA walifanya kitu cha hivi kombe la dunia Qatar 2022, komenti zaidi ya 280,000 zilifichwa mchezaji asizione kabisa. Meseji nazo weka ziingie za anaowafolo tu. Usimwambie afunge akaunti, kwanini aondoke yeye?

Mtu_wa_Chumbageni:
Nyongeza ya sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia ni faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Zile za inboksi zinaingia humo moja kwa moja. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole kwahiyo wa WhatsApp wasijione wamejificha. Na kwa vile yuko chini ya miaka 18 mzazi aende nae kituoni, waulizie dawati la jinsia na watoto.

Mnyama_wa_Pongwe:
Sawa stika wamezidi. Ila kucheka penati iliyopaa nayo mtatukataza?

BintiSaruji:
Cheka mpaka uanguke, penati ilipaa kweli 😂

Kaka_Mwanzange:
Asanteni sana wakuu, skrinshoti nimeanza kukusanya. Sasa kuna jambo, katika zile namba za grupu moja nimeitambua, aliyetengeneza stika ni kijana wa hapa mtaa wa pili, mzee wake anasali msikiti mmoja na baba. Nianze polisi au kwa mzee?

Admin_Ndondo:
Wa stika anza kwa mzee, ila baba asiende peke yake na hasira zile, aongozane na mtu mzima mwingine na simu yenye ushahidi. Wale wa inboksi msiwapeleke kwa mzee yeyote, hao ni kituoni.

Mtu_wa_Chumbageni:
Na kocha wake mmemwambia? Maana hapo sijaona popote timu imesema kitu.