Folda imefutwa kwa Shift+Delete kwenye D:, na picha za flashi nazo hazionekani. Nianzie wapi?

kibodi_kimya
Habari wakuu. Laptopu ni ya Windows 10 yenye diski mbili: C: ni SSD ya GB 256, D: ni HDD ya TB 1, zote NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga mafaili). Folda ya D:\Kazi, kama GB 3 hivi (docx, xlsx na JPEG), imefutwa jana jioni kwa Shift+Delete. Kuna na flashi ya GB 32, FAT32 (mfumo mwingine wa mafaili), ambayo picha zake zilifutwa kwa Delete ya kawaida, lakini kwenye Recycle Bin hazimo. Sijaskani chochote bado. Nitumie programu gani?

fundi_bila_presha
Shusha Recuva (programu ya kurejesha mafaili), chagua D:, weka tiki kwenye Deep Scan, subiri. Kazi imeisha.

klasta_tupu
Recuva si mbaya, ila mkuu umeruka hatua inayookoa mafaili. Mleta mada, acha kuandika chochote kwenye D: kuanzia sasa.

NTFS ikifuta faili haigusi yaliyomo. Inaitia rekodi yake kwenye MFT (orodha kuu ya mafaili) alama kwamba haitumiki tena, na klasta zake (vipande vya diski vinavyobeba data) zinahesabiwa kuwa wazi. Data inabaki palepale hadi faili jingine liandikwe juu yake. Kwa hiyo hakikisha folda ya Downloads haijaelekezwa D:, simamisha torenti na programu yoyote inayosawazisha mafaili huko, na programu ya kurejesha isakinishe C:. Utakachokipata kipeleke diski ya nje au C:, kamwe kisirudi D:. Faili la kwanza unalolirudisha humo linaweza kukalia klasta za la pili.

Kisha thibitisha kwamba D: ni HDD kweli. Bonyeza Win+R, andika dfrgui, utaona aina ya diski kwenye safu ya Media type. Hapa ndipo penye tofauti kubwa. Kwenye SSD, Windows ikifuta faili hutuma amri ya TRIM (inayoiambia diski kwamba data ya hapo haihitajiki tena), na diski huanza kujibu sifuri kwa maeneo hayo. Programu itakuonyesha jina sahihi na ukubwa sahihi, kwa sababu rekodi ya MFT bado ipo, lakini ukifungua faili ni sifuri tupu. Hapo hata programu ya kulipia haikusaidii. Kuangalia kama TRIM imewashwa:

fsutil behavior query DisableDeleteNotify

Jibu la 0 maana yake imewashwa. Tena baadhi ya HDD za teknolojia ya SMR (nyimbo za data hupandiana) nazo hupokea TRIM, kwa hiyo neno HDD peke yake lisikupe uhakika wote.

Kwa NTFS ningeanza na Windows File Recovery ya Microsoft. Ni ya bure, iko Microsoft Store, inahitaji Windows 10 toleo la 2004 au jipya zaidi. Fungua Command Prompt kama admini, halafu (E: ikiwa diski ya nje):

winfr D: E: /regular /n \Kazi\

Mkwaju wa nyuma (\) wa mwisho usiuache, ndio unaoiambia kwamba hiyo ni folda. Matokeo yatakuwa E: ndani ya folda inayoanza na Recovery_ ikifuatiwa na tarehe na saa. Kama /regular haikupata kitu, rudia kwa /extensive. Kwa TB 1 hiyo ya pili inachukua saa nyingi, usiikatize.

sekta_mbovu
Naongeza moja: kabla ya kuskani, pima afya ya diski kwa CrystalDiskInfo. Current Pending Sector (idadi ya sekta zinazoshukiwa kuwa mbovu) ikiwa juu ya 0, au diski inatoa sauti ya kugonga, usiiskani. Kila skani inaichosha zaidi. Na CHKDSK, amri ya Windows ya kukagua diski, usiiguse kabisa wakati huu. Kazi yake ni kunyoosha mfumo wa mafaili, haijali mabaki unayoyatafuta.

kibodi_kimya
Asanteni. D: ni HDD, Pending ni 0. /regular imeleta karibu folda nzima kwa majina yake. Ila xlsx kadhaa zinakataa kufunguka, na baadhi ya JPEG nusu ya chini ni kijivu. Kuna namna?

klasta_tupu
Kwa hizo hapana: sehemu ya klasta zake imeshaandikwa juu. JPEG husomwa kuanzia juu kushuka chini, ndiyo maana kipande cha juu kimepona. xlsx kwa ndani ni zipu, na orodha ya vilivyomo iko mwishoni mwa faili, kwa hiyo mkia ukipotea Excel inaligomea faili zima. Jaribu 7-Zip, wakati mwingine hutoa vipande vya ndani. Na ubofye folda mama kwa kitufe cha kulia, Properties, kisha Previous Versions. Kama kinga ya mfumo (System Protection) iliwashwa kwa D:, nakala ya zamani inaweza kuwepo.

sekta_mbovu
Flashi sasa. Windows kwa kawaida haitumii Recycle Bin kwa flashi, Delete hufuta moja kwa moja. FAT32 nayo ina ugumu wake: inafuta mnyororo wa klasta, inabaki klasta ya kuanzia na ukubwa tu. Picha iliyokaa mfululizo inarudi nzima, iliyotawanyika inarudi imechanganyika na nyingine.

Tengeneza nakala ya flashi nzima kwanza ukiwa Linux, kwa ddrescue. Tazama jina la flashi kwa lsblk, maana ukikosea herufi utanakili diski isiyo yenyewe:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb flashi.img flashi.map

Halafu iendeshee nakala hiyo PhotoRec, programu ya kurejesha picha: photorec flashi.img. Kwenye File Opt bonyeza s kuondoa aina zote, rudisha jpg peke yake, na ukiulizwa eneo chagua Free. PhotoRec haisomi majina, inatafuta baiti za mwanzo wa JPEG, FF D8 FF, kwa hiyo picha zitatoka na majina kama f0123456.jpg ndani ya recup_dir.1. Zipange kwa tarehe ya EXIF (taarifa ambazo kamera huziandika ndani ya picha), ile ya faili inaweza kukudanganya.