Nataka kuacha kazi ya animesheni kwenye studio ya gemu nimalizie filamu yangu. Nishaurini kabla sijapeleka barua

KalamuNyeusi

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Huu ni mwaka wa saba nafanya animesheni kwenye studio ya gemu. Kazi yangu ni kuwatembeza wahusika, kuwakimbiza na kuwaua. Sitanii. Kuna mmoja nimemwangusha kifudifudi, chali, kiubavu, kwa risasi, kwa rungu, kwa moto, na kila anguko lina faili lake. Mshahara unaingia kwa wakati, wenzangu ni watu wazuri, bosi hana makuu. Kwa hiyo sikimbii mateso. Nalisema mapema ili msije mkanishauri nihamie studio nyingine.

Shida ilianza na shoka. Mwezi uliopita nilimtengenezea mhusika pigo, nikampa fremu 12, yaani picha moja moja zinazounda mwendo, za kujivuta nyuma kabla hajalishusha. Mabega yanazunguka, kisigino kinanyanyuka, unaona kabisa chuma ni kizito. Kazi ikarudi na maneno mawili: zibaki 4. Gemu yetu inakwenda fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo 12 ni moja ya tano ya sekunde tu, lakini mchezaji akibonyeza kitufe anataka shoka lishuke hapo hapo. Na wako sahihi! Nilijaribu kucheza mwenyewe, nikaona kwa fremu 12 mhusika anakuwa kama anapigana ndani ya matope. Nikazifuta nane. Huku nazifuta nikawa nawaza kwamba kilichonivuta kwenye fani hii kiko humo humo kwenye zile nane.

Nina filamu yangu fupi, michoro ya mkono, dakika nane, haina maneno. Punda anafika darajani anagoma kuvuka, mwenye punda anajaribu kila hila. Kuna mahali punda anafikiria tu, sekunde tatu nzima. Amesimama, sikio moja linageuka, jingine limetulia. Kwenye gemu, sekunde tatu za namna hiyo mchezaji atadhani kidhibiti chake kimekufa.

Naifanya usiku na wikendi, mwaka na zaidi sasa. Akiba yangu inatosha miezi 11 nikijibana. Nina mwenza. Barua ya kuacha kazi iko tayari kwenye kompyuta. Niipeleke au nitulie?

sindano_butu

Punda amegoma kuvuka, wewe ndiye unayevuka. Haya bwana, tupo, tunasubiri kuona nani ana akili.

Mzee wa Fremu

Achana na huyo. Mdogo wangu, umetuhesabia dakika za filamu na miezi ya akiba, lakini hesabu moja umeiruka. Umemaliza sekunde ngapi? Zilizomalizika, nasema: mstari safi, rangi imejaa, mandhari ya nyuma ipo. Za penseli usinihesabie.

KalamuNyeusi

Shikamoo mzee. Zipo kama 40. Ila ambazo mtu anaweza kuziangalia nisianze kujieleza ni 25.

Mzee wa Fremu

Marahaba. Na likizo ya mwisho, ulipoifanya filamu kutwa nzima, ulitoa ngapi kwa wiki?

KalamuNyeusi

Nilichukua wiki mbili. Nikatoa sekunde tisa. Nilijiona shujaa.

Mzee wa Fremu

Tisa kwa wiki mbili siyo mbaya kwa mtu mmoja anayechora kwa mkono. Sasa tukae chini tupige hesabu.

Dakika nane ni sekunde 480. Kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 11,520. Ukichora mbilimbili, mchoro mmoja ushike fremu mbili, ni michoro 5,760. Hiyo ni kama kuna kiumbe mmoja tu kwenye shoti, yaani kipande kimoja cha filamu. Wewe una punda na mwenye punda, tena mwenye punda ndiye anayerukaruka.

Ondoa sekunde 25, zinabaki 455. Kwa mwendo wa sekunde nne na nusu kwa wiki hizo ni wiki 101. Karibu miaka miwili, hujaugua, kompyuta haijaharibika, sauti haijaguswa. Akiba yako ni wiki 47. Toa saba za sauti, kuhariri na homa, zinabaki 40. Arobaini mara nne na nusu ni 180, jumlisha zile 25 ulizonazo, unapata 205.

Filamu ya dakika tatu na nusu kasoro unayo, tena mfukoni. Ile ya dakika nane huna, na barua yako umeiandika kwa ajili ya ile ya dakika nane.

Tena usijidanganye kwamba mkono utaharakisha ukishakuwa huru. Likizoni ulikuwa na hamu ya mwaka mzima imejilimbikiza. Wiki ya 23 hutakuwa na hamu hiyo.

NiliachaNikarudi

Jina langu linajieleza. Nilikuwa mtu wa rigi, ile mifupa ya kompyuta inayomwendesha mhusika, nikaacha ili nifanye mfululizo mfupi wangu. Nilirudi kuajiriwa baada ya miezi tisa, kazi haijaisha.

Pesa haikunikwamisha. Kofia ndiyo iliyonikwamisha. Mhusika wangu alikuwa na kofia pana, na wiki ya tatu nikagundua ukingo wake unakata paji la uso akiinama. Studio ningepewa jibu ndani ya dakika kumi: mpunguzie kofia, au asiinamishe kichwa hivyo, twende. Nyumbani hakuna wa kukwambia twende. Nikaijenga upya rigi ya ile kofia mara tatu, nikaiwekea mifupa yake, nikaiwekea vidhibiti vya upepo. Wiki tano. Kwenye mfululizo mzima upepo unavuma mara moja.

Wewe unadhani studio inakupa mshahara tu. Inakupa pia mtu wa kukunyang'anya shoti mkononi. Wale waliokwambia fremu zibaki 4 utawakumbuka, nakuapia. Kabla hujaacha, tafuta watu wawili wa kuwatumia kazi kila Ijumaa, imalizike isimalizike, na mmoja asiwe rafiki yako.

Dada Kifungu

Habari kaka. Mimi nasoma mikataba, kuchora sijui hata duara. Swali moja: hiyo filamu uliianza ukiwa umeajiriwa?

KalamuNyeusi

Ndiyo dada. Lakini nyumbani, muda wangu.

Dada Kifungu

"Muda wangu" ndiyo kauli inayowaponza wengi. Mikataba mingi ya studio ina kifungu kinachosema kazi za ubunifu unazofanya katika kipindi cha ajira ni mali ya mwajiri, na vingine vimeandikwa kwa upana hadi vinaingia chumbani kwako. Kifungu hicho kina nguvu kiasi gani inategemea sheria za nchi ulipo, kwa hiyo mimi sikupi hukumu. Wewe utoe mkataba wako leo uangalie mambo haya: nani ana haki ya kazi ulizofanya nje ya saa za ofisi, kama ulitakiwa kuomba ruhusa ya kuwa na mradi wa pembeni, na kama kuna kipindi baada ya kuondoka ambacho bado umefungwa.

Kisha ujiulize kwa ukweli: ni kompyuta ya nani? Programu ni ya leseni ya nani? Ukiwa umechora hata shoti mbili kwa leseni ya ofisi, umempa mtu kamba ya kukufunga. Kuna programu za kuchora na animesheni, Blender na Krita, zote bure, na unaweza kuuza ulichotengeneza humo. Hamia huko.

Barua ya kuacha isitangulie. Kwanza omba kwa maandishi watambue kwamba mradi huu, wenye jina hili, ulioanza mwezi huu, hauwahusu. Ukiwa bado ndani, unaelewana nao na hakuna aliyekasirika, hayo ni mazungumzo ya robo saa. Filamu ikishapata mnunuzi ndipo robo saa hiyo inageuka kesi. Pia uulize vipande gani vya gemu unaruhusiwa kuweka kwenye video ya kuonyesha kazi zako. Gemu ambayo haijatoka usiithubutu.

wino_mkavu

Mbona wote mnamtisha mtu? Gints Zilbalodis, mtengeneza filamu wa Latvia, alitengeneza Away peke yake, filamu ndefu, ikatoka 2019. Iliyofuata, Flow, ilitengenezwa kwa Blender ikachukua Oscar mwaka 2025. Kama angewasikiliza ninyi angekuwa bado anasoma mkataba.

Mzee wa Fremu

Nashukuru umemtaja. Sasa iangalie Away kwa jicho la fundi. Haina maneno hata moja, kwa hiyo hakuna midomo ya kulinganisha na sauti. Mhusika mkuu ni kijana mmoja na pikipiki. Imegawanywa sura nne. Yule bwana aliipima filamu kwa mkono wake ndipo akaianza. Huo ndio ushauri wangu huu huu.

Ukitaka wa upande wa pili yupo Richard Williams, aliyesimamia animesheni ya filamu ya Who Framed Roger Rabbit. Mkono kama ule hatuna. Filamu yake mwenyewe, The Thief and the Cobbler, aliianza mwaka 1964. Mwaka 1992 akanyang'anywa haijaisha, ikamaliziwa na watu wengine. Kipaji alikuwa nacho cha kugawa, ila shoti ilikuwa haimtoki mkononi.

Jirani wa Mchoraji

Mimi ni mke wa mtu wa aina yenu. Kaka KalamuNyeusi, shoka umeliandikia aya nzima, mwenza wako umempa maneno mawili. "Nina mwenza." Anajua kuhusu barua?

Mume wangu aliacha kazi kwa baraka zangu. Sikuchoshwa na kubana matumizi, nilichoshwa na neno "karibu". Karibu namaliza, karibu napeleka, miaka mitatu. Sikuwa na namna ya kuuliza bila kuonekana namvunja moyo, na yeye hakuwa na namna ya kujibu. Siku moja tulikubaliana tarehe, tukaiandika ukutani, pamoja na kitakachofanyika ikifika: anatafuta kazi, hata kama zimebaki shoti mbili. Tangu hapo tukaanza tena kuongea mambo mengine mezani.

Tarehe mkubaliane leo, akiba ikiwa bado imejaa. Msisubiri iishe.

KalamuNyeusi

Dada umenishika pabaya. Anajua kuhusu filamu. Kuhusu barua hajui.

sindano_butu

Aisee.

wino_mkavu

Hapo hata mimi siwezi kukutetea. Ila niongeze moja: kwa nini iwe kuacha au kubaki tu? Eric Barone alipokuwa anatengeneza gemu ya Stardew Valley peke yake, miaka minne na nusu hivi, alikuwa na kibarua cha kuwaelekeza watu viti kwenye ukumbi wa maonyesho, na mwenza wake alikuwa anaingiza kipato. Omba siku nne kwa wiki. Au likizo isiyo na malipo. Wakikataa, barua si unayo?

NiliachaNikarudi

Siku nne usikubali kama studio yenu inakaribia kutoa gemu. Utalipwa za nne, utafanya sita. Kama ni likizo, iombe ile ya moja kwa moja, baada ya gemu kutoka, wakati hakuna anayekuhitaji.

KalamuNyeusi

Wakuu, nimerudi. Ni wiki tatu sasa, naona uzi ulishalala.

Mkataba nimeusoma. Kifungu kipo, kipana kama alivyosema Dada Kifungu, na mradi wa pembeni nilitakiwa kuutolea taarifa tangu mwanzo. Sikutoa. Nilikwenda kwa bosi nikamweleza yote, jasho linanitoka. Aliniuliza kama punda ni wa pande mbili (2D) au tatu (3D), kisha akacheka. Karatasi ya kutambua kwamba filamu ni yangu nimeipata, imesainiwa. Shoti sita nilizokuwa nimezipitishia programu ya ofisi nazichora upya, ndiyo adhabu yangu.

Nyumbani haikuwa rahisi. Mwenza wangu hakuchukia filamu, alichukia barua iliyokuwa imekaa kwenye kompyuta mwezi mzima tunakula pamoja. Tumeelewana miezi minane badala ya 11, mitatu ibaki ya dharura. Gemu inatoka, naanza likizo isiyo na malipo ya miezi minne. Ikiisha nionyeshe dakika moja na nusu iliyokamilika ndipo niongeze minne mingine kwa kuacha kabisa. Nisipofikisha, narudi kwenye shoka.

Filamu sasa ni dakika tatu. Hila za mwenye punda zilikuwa saba, nimebakiza mbili. Kuna ile ya kamba na mti niliyoipenda sana, imeondoka. Sekunde tatu za kufikiria sijazigusa.

Mzee, nimekutumia shoti hiyo ya sikio kwa ujumbe. NiliachaNikarudi pia. Itakuwa kila Ijumaa kama mlivyosema.

Mzee wa Fremu

Nimeiona. Sikio linageuka vizuri, lakini jicho linalifuata kwa wakati mmoja, ndiyo maana punda anaonekana kama mdoli wa kuvutwa uzi. Anasikia kwanza, anaangalia baadaye. Licheleweshe jicho fremu sita, kope ifumbe katikati hapo, halafu nitumie tena Ijumaa. Na mkia uache utulie.