Tumeuziwa Inside Passage, njia ya ndani kati ya visiwa na bara, kumbe meli inapita bahari kuu! Mnaopanga Alaska someni kabla hamjalipa

Wakuu, salamu kwenu nyote. Mtanisamehe kwa ukali wa uzi huu, nimetoka kukata simu ya wakala wa safari sasa hivi na mikono bado inanitetemeka.

Mama yetu anastaafu. Amefundisha jiografia maisha yake yote. Ameshika chaki na kuchora barafuto, ule mto wa barafu unaotambaa polepole, ubaoni mwaka baada ya mwaka: bonde lenye umbo la U, mawe yaliyosukumwa na barafu yakaachwa pembeni, na barafuto yenyewe hajawahi kuiona kwa macho yake. Sisi watoto tukachanga, tukakubaliana apelekwe Alaska kwa meli, siku saba, kutoka Seattle na kurudi Seattle. Kazi ya kupanga nikapewa mimi.

Kilichonivuta ni ramani ya kwenye brosha. Ninayo hapa mezani. Mstari mwekundu unatoka Seattle, unapenya katikati ya Kisiwa cha Vancouver na bara, unapindapinda kwenye visiwa mpaka Juneau, na juu yake wameandika kwa herufi kubwa INSIDE PASSAGE. Mama bahari humchafua vibaya sana, chombo kikianza kuyumba tu anatapika. Kwa hiyo nilimuuliza wakala mara mbili, na majibu yote mawili ninayo kwenye simu: "Njia yote imekingwa na visiwa, mama hatasikia wimbi."

Jana usiku nikaingia kwenye tovuti inayoonyesha meli zinapopita, nikafuatilia safari za meli hiyohiyo msimu uliopita. Kila wiki ilikuwa inatoka kwa mlango-bahari wa Juan de Fuca, kisha inakata kaskazini kupitia upande wa MAGHARIBI wa Kisiwa cha Vancouver. Huko ni Pasifiki tupu, hakuna cha kukukinga. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 460 hivi, na kikiisha bado bahari ya wazi inaendelea mbele. Mama yangu angelala kitandani na ndoo usiku kucha na siku nzima inayofuata, halafu mimi niwe nimeahidiwa maji matulivu!

Nikaanza kuuliza waliowahi kwenda. Wananiambia hilo linajulikana, meli nyingi za kutoka Seattle ndivyo zinavyopita. Ukitaka njia ya ndani yenyewe, panda meli inayoanzia Vancouver, Canada. Hizo ndizo zinazopita milango-bahari myembamba ya Johnstone Strait na Seymour Narrows; hapo Seymour mkondo unaweza kukaribia kilomita 28 kwa saa na meli kubwa husubiri maji yasimame ndipo zipite. Pale katikati palikuwa na mwamba uitwao Ripple Rock, ulizamisha vyombo vingi mpaka ukalipuliwa tarehe 5 Aprili 1958. Mambo kama hayo ndiyo Mama angesimama sitahani kuyatazama bila kuhisi baridi. Kama linajulikana, wakala anayeuza safari hizi kila siku alishindwaje kuniambia?

Halafu kuna Glacier Bay, na hapa ndipo damu ilinichemka. Ukurasa wa mbele wa brosha ni picha ya barafuto ya Margerie, ule ukuta wa samawati unaosimama majini. Margerie iko ndani ya Glacier Bay. Ukifungua ndani, maneno ni "siku ya kutazama barafuto". Barafuto ipi? Hawasemi. Glacier Bay ni hifadhi ya taifa, na meli kubwa za kitalii zinazoruhusiwa kuingia ni mbili tu kwa siku. Hifadhi yenyewe inaweka hadharani ratiba ya meli zilizopata nafasi. Nimeipitia mstari kwa mstari, tarehe kwa tarehe. Meli yetu haimo.

Kumbana wakala, ananiambia, "Aa, nyinyi mnakwenda Tracy Arm, ni kulekule tu." Si kulekule! Tracy Arm ni hori nyingine kabisa, nje ya Glacier Bay. Na huko Tracy Arm kwenyewe, Agosti 2025 mlima uliporomoka karibu na barafuto ya South Sawyer na kusababisha wimbi kubwa la kutisha, na baada ya hapo kampuni za meli zikaanza kuhamishia safari zao hori jirani ya Endicott Arm. Nikamuuliza, basi sisi tunakwenda wapi? Kimya. Mtu amepokea pesa zetu na hajui meli inakwenda wapi.

Sisemi Endicott Arm ni pabaya, barafuto ya Dawes iko kule na waliofika wanaisifu. Lakini nilichagua Glacier Bay kwa sababu ya Mama. Mwaka 1794 msafara wa nahodha Mwingereza George Vancouver ulipopita pale, karibu ghuba yote ilikuwa imejaa barafu, upenyo wa kuingia ulikuwa mdogo tu. Mwaka 1879 mtaalamu wa mazingira John Muir alipofika, barafu ilikuwa imerudi nyuma zaidi ya kilomita 45 na bahari imeingia ndani. Meli ikiingia huko leo, walinzi wa hifadhi hupanda melini na kuwaeleza abiria hayo yote huku wakiyaona. Kwa mwalimu wa jiografia hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo. Na mimi nilishamwambia. Leo asubuhi kanipigia kuuliza avae nini siku ya Glacier Bay.

Kuna na hili la kebini. Tumetozwa dola 300 zaidi kila mmoja ili tupate roshani ya "upande wa mandhari". Safari ya kwenda na kurudi! Nchi kavu ikiwa kulia wakati wa kupanda, wakati wa kushuka iko kushoto. Na mbele ya barafuto nahodha huigeuza meli taratibu ili pande zote mbili waone. Huo upande wa mandhari ni upi?

Victoria nayo imeandikwa "siku ya Victoria, Canada". Saa zenyewe ni saa mbili usiku hadi saa sita usiku. Meli inasimama pale kwa sababu ya sheria ya Marekani ya mwaka 1886: meli yenye bendera ya kigeni ikichukua abiria Seattle na kuwarudisha hapohapo, lazima iguse bandari ya nje. Sina ugomvi na sheria. Ugomvi wangu ni kwamba Mama ana pasipoti inayotaka viza ya Canada hata kwa saa hizo nne, na wakala hakuligusia kabisa. Tungefika siku ya kupanda meli tukarudishwa gatini na mabegi yetu.

Ketchikan, mji mwingine wa Alaska tunakosimama, nako gati tuliyopangiwa ni Ward Cove, kama kilomita 11 nje ya mji. Kwenye brosha: "shuka utembee mjini".

Sasa nadai amana yetu. Jibu lake ni kwamba hairudishwi, eti masharti yanasema ratiba inaweza kubadilika. Ratiba kubadilika naielewa: ukungu, upepo, vipande vya barafu vimeziba njia, nahodha ana haki ya kugeuza na sitamlaumu. Lakini hapa hakuna kilichobadilika. Glacier Bay haikuwepo kwenye ratiba ya meli hii tangu siku ya kwanza, na njia ya ndani haikuwepo. Nimeuziwa kitu ambacho muuzaji hakuwa nacho.

Nimempa chaguo mbili: arudishe pesa zote, au atuhamishie kwenye safari ya kuanzia Vancouver, kwa meli iliyomo kwenye ratiba ya hifadhi, bila kutuongezea gharama, na viza ya Mama ishughulikiwe mapema. Tarehe ya malipo ya mwisho ni Ijumaa na silipi hata senti kabla ya jibu la maandishi.

Aliyewahi kurudishiwa amana kwa sababu ya brosha ya uongo naomba aniambie alianzia wapi: kwa kampuni ya meli moja kwa moja, au kwa benki iliyotoa kadi? Ujumbe wote wa wakala nimeuhifadhi, na ile ramani yenye mstari mwekundu nimeipiga picha.