Mjadala: Je, fedha za umma zilipie dawa ya kuzuia mishipa ya damu kwa saratani ya tumbo?

Mtoa hoja: Mwaka 2016 NICE, taasisi inayoishauri huduma ya afya ya Uingereza kuhusu dawa zinazostahili kulipiwa, ilikataa kupendekeza ramusirumabu, dawa inayozuia mishipa mipya ya damu isiote, kwa saratani ya tumbo iliyofikia hatua za juu. Wengi walilalamikia bei. Mimi naunga mkono uamuzi ule, na sababu yangu ni seli za kinga.

Uvimbe hauwezi kuzidi milimita chache bila kujipatia mishipa yake ya damu. Judah Folkman aliitoa hoja hiyo mwaka 1971. Ramusirumabu huziba kipokezi kimoja tu cha protini ya VEGF, inayoamuru mishipa iote. Lakini anayetoa amri si saratani peke yake. Makrofaji, seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa, huvutwa hadi pale uvimbe ulipokosa oksijeni, na zikifika huko hutoa VEGF pamoja na vimeng'enya vinavyoyeyusha tishu za jirani, hivyo mshipa mpya ukapata pa kupenya. Neutrofili na seli za masti, ambazo pia ni seli za kinga, nazo hazikai bure: husaidia mishipa kuota. Ndiyo maana sishangazwi na matokeo. Katika jaribio la RAINBOW, nusu ya waliopewa paklitakseli (dawa ya kemotherapi) pekee walikuwa wamefariki ifikapo miezi 7.4, kwa walioongezewa ramusirumabu, ilikuwa miezi 9.6 tu. Bevasizumabu, inayoinasa VEGF yenyewe, ilishindwa kurefusha maisha kwa kiwango cha kuaminika kitakwimu katika jaribio la AVAGAST.

Mchangiaji: Ndugu mtoa hoja, hiyo "tu" yako ingemwia vigumu mtu kuitamka mbele ya mgonjwa. Tena unazihukumu seli za kinga kana kwamba zote zimeasi, ilhali makrofaji hubadilika kufuatana na mazingira. Mishipa ya uvimbe imepindapinda na inavuja, kiasi kwamba limfosaiti T, ambazo zingeweza kuua saratani, hupata shida kuingia. Wapo watafiti wanaoamini kwamba kuizuia VEGF kwa kiasi huinyoosha mishipa hiyo na kuzifungulia njia. Ikiwa ndivyo, dawa hii ingejaribiwa sambamba na zile za kuamsha kinga, badala ya kutupwa.

Mtoa hoja: "Tu" naiondoa. Kuhusu kuziunganisha dawa, sipingi zijaribiwe. Ninalopinga ni mfuko wa umma kulipa kabla ya majibu. Bado hujagusa swali la nani aliyeziita seli hizo tumboni. Mara nyingi ni bakteria Helicobacter pylori, aliyetambuliwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 1994 kuwa kisababishi cha saratani, ambaye huweza kuuacha utando wa tumbo na uvimbe-uchungu, yaani mwasho unaozikusanya seli za kinga, kwa miongo kadhaa kabla ya saratani kuonekana. Kumpima na kumtibu kwa antibiotiki ni kazi ya wiki moja au mbili, na mfuko mdogo, ukiwemo wetu, ningeuanzishia hapo. Kwa aliyelazwa wodini leo hilo si jibu, nakubali.