Ulinganisho: gego la kupandikiza kwa kinywa kisichofunguka vizuri. Simiti, besi ya titani au kipande kimoja?

dakta_kisauni

Asalaam aleikum wenzangu. Nina Bi mmoja wa miaka 54, mkaazi wa Mji wa Kale. Gego lake la kwanza la chini, upande wa kulia, liling'olewa miaka mingi nyuma, na sasa ataka la kupandikiza. Plati, yale meno bandia ya kuvua, hataki hata kuisikia.

Mfupa anao: siti skani yaonyesha milimita 13 mpaka kwenye mshipa wa fahamu, na baina ya meno jirani kuna 9. Kwa hiyo kipandikizi cha kawaida (ule mzizi wa titani unaokazwa mfupani) cha unene wa 4 chaingia bila tabu, na kila upande chabakiza zaidi ya ile 1.5 tunayoihitaji. Shida ni urefu. Gego la juu limeshuka kufuata pengo. Kutoka pale kitakapokaa kichwa cha kipandikizi hadi kwenye jino hilo nimepata 6.5 tu. Na kinywa chenyewe chafunguka 28 mbele, kato kwa kato. Ni mlaji wa tambuu tangu usichana.

Nimebaki na njia tatu: abatmenti (kipande cha kati kinachokazwa juu ya kipandikizi) na krauni, yaani kofia ya jino, ya kubandika kwa simiti, krauni ya zirkonia (kauri ngumu) iliyogundishwa juu ya besi ya titani, bomba fupi, yote ikazwe kwa skrubu, au krauni ya chuma ya kipande kimoja inayokaa moja kwa moja juu ya kipandikizi. Mimi nimezoea simiti. Nyinyi mwasemaje?

fundi_kauri

Dakta, kwa 6.5 simiti iache. Fanya hesabu nami. Ukuta wa abatmenti unaoshikwa na simiti usipungue 4. Shingo inayopita ndani ya ufizi, 1.5 au 2. Juu yake kauri na chuma chake, 1.5 hadi 2. Umeshafika 7 na bado hujasema lolote. Mahali pasipotosha ni lazima kitu kikatwe, na mara nyingi anayekatwa ni ukuta.

Ninayo hapa mezani krauni iliyorudi mwezi jana kutoka kwa mteja wangu. Ukuta wa abatmenti ulikuwa 2.5. Ukitazama ndani ya krauni, simiti yote imo, imelala laini kama kigae, upande wa abatmenti hakuna iliyobaki. Iling'oka mgonjwa akila mahindi ya kuchoma. Haikuvunjika popote, ilikosa pa kushika tu.

Besi ya titani yaweza kuingia: bomba lake 4, shingo 1, zirkonia juu 1. Jumla 6. Lakini hiyo ni kama ufizi wake ni mwembamba. Ukikuta ufizi mnene unataka shingo ya 2, hesabu imeharibika, na bomba ukilikata gundi inakosa ukuta vile vile. Pima ufizi kabla hujaagiza chochote.

Kipande kimoja ndicho ninachokuamini nacho. Hakina gundi wala simiti, hata kwenye 5 chakaa. Mbinu yenyewe si ngeni, abatmenti ya UCLA, ile inayomwagiwa krauni ikawa kipande kimoja nayo, ilitoka miaka ya 1980 kwa ajili ya vinywa kama hiki. Uso wa kutafunia uwe chuma, 1 yatosha. Kauri hapo usiweke.

dakta_kisauni

Shukran fundi. Na kipandikizi chenyewe? Nina vya aina mbili kabatini, vya kuzama usawa wa mfupa na vile vyenye shingo yake juu.

fundi_kauri

Cha kuzama. Vyenye shingo ni vizuri kwa kusafishika, lakini shingo ile huwezi kuibadilisha. Za kampuni ya Straumann kwa mfano ni 1.8 au 2.8, na ukishakiweka ndiyo basi. Cha kuzama waweza kuchagua urefu baadaye. Na hakikisha sehemu zote ni za kampuni moja na muunganiko mmoja. Nimeletewa skrubu ya kampuni nyingine "kwa kuwa yaingia". Kuingia si kukaa, dakta.

Jingine: mbona hukusema kusaga jino la juu? Ukitoa hata 0.8 kwenye ncha za enameli, una 7.3.

dakta_kisauni

Naona vibaya kugusa jino zima lisilouma.

fundi_kauri

Limeshuka, dakta. Si zima kama unavyolihesabu. Enameli kwenye ncha za gego yafika 2 na zaidi. Ukisaga kidogo, ukalainisha na kupaka floridi, hatahisi.

nesi_likoni

Ndugu zangu mwaongea krauni na mimi nafikiria keekee. Leo mchana nimechukua rula. Kichwa cha drili na keekee fupi kabisa tuliyonayo, kutoka mgongo wa kichwa hadi ncha: milimita 31. Mtu anayefungua 28 mbele, kule nyuma kwenye magego hafiki hata 20. Ongeza ile 6.5 ya pengo, una 26. Keekee itaingia kwa kuinamishwa, na ikiinama kipandikizi nacho kitainama. Kile kielekezi cha plastiki cha kuongozea keekee ndiyo kisahau, chataka keekee ndefu zaidi.

Halafu bisibisi. Agizeni ile fupi ya mkono na muifunge uzi wa kusafishia meno kwenye tundu lake kabla haijaingia kinywani, mwisho wa uzi ushikwe na msaidizi. Kliniki niliyofanya kazi zamani bisibisi iliteleza kwenye vidole vyenye mate, mgonjwa akaimeza. Tulimpeleka eksirei, tukaiona tumboni, ikatoka yenyewe siku ya nne. Ingeenda mapafuni yangekuwa mengine. Mgonjwa asilazwe chali kabisa, na shashi iwekwe nyuma ya ulimi.

mpasuaji_mstaafu

Nimesoma yote na nasikitika hakuna aliyeuliza kwa nini Bi huyu hafungui kinywa. Miaka hamsini na kitu, tambuu tangu usichana, 28. Daktari mwanangu, tia kidole ndani ya shavu lake, ulipapase kutoka juu kwenda chini. Ukihisi kamba ngumu zimesimama, na ukatazama ukakuta pamepauka, hayo ni makovu ya popoo. Si jani la tambuu linalofanya kazi hiyo, ni popoo. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka popoo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika, mwaka 2004, hata bila ya tumbaku ndani.

Makovu yale yenyewe yaweza kugeuka saratani. Kwa hiyo usiagize kitu. Mpeleke kwa mpasuaji wa kinywa, hapo hospitali ya rufaa ya Makadara au kwengine unapomwamini, atazamwe na akatwe kinyama cha bayopsi. Popoo ziachwe siku hiyo hiyo, si kupunguzwa. Halafu mazoezi ya kufungua kinywa. Nimewazika wagonjwa wawili waliotengenezewa meno mazuri juu ya mashavu ambayo hakuna aliyeyatazama. Bado nawakumbuka sura.

binti_wa_kuze

Mimi si daktari, nimepitishwa hapa na rafiki. Mamangu alikuwa na hayo hayo. Alipewa vile vijiti bapa vya mbao vya kushikia ulimi, anavipanga kimoja juu ya kingine baina ya meno, anakaa navyo dakika chache, mara tano kwa siku. Alianza na 15. Kila kiliposogea kimoja zaidi alinipigia simu. Kuacha popoo ndiko kulikomliza, maana kila jioni wenzake barazani walikuwa na kijaluba chao na yeye amekaa na vijiti. Ikabidi wale majirani nao waache kumkirimu. Tafadhali mwambieni Bi huyo asifanye peke yake.

jirani_bamburi

Samahani nachomeka swali. Mzazi wangu hana jino hata moja chini, na taya lake la juu na la chini yakaribiana. Plati ya kushikwa na vifungo juu ya vipandikizi, au ile ya baa, fito inayounganisha vipandikizi?

fundi_kauri

Vifungo vya Locator vyataka 8.5 hivi kutoka kichwa cha kipandikizi hadi ukingo wa meno ya plati. Baa yataka 12 na zaidi. Nafasi ikiwa finyu, vifungo. Ukilazimisha baa plati inabaki nyembamba na itapasuka katikati.

dakta_kisauni

Wenzangu, narudi baada ya miezi mitatu.

Mzee wangu mpasuaji, Mungu akujaalie. Nilipapasa, zile kamba zilikuwepo, pande zote mbili. Bayopsi imeonyesha makovu, seli za saratani hazikuonekana, na ataendelea kutazamwa kila baada ya muda. Popoo ameacha. Ujumbe wa binti wa Kuze nilimsomea mwenyewe hapa kitini, akanyamaza, kisha akaniambia nimwite mkaza mwanawe aje ausikie naye. Tangu siku hiyo mkaza mwana ndiye mhesabu vijiti. Walianza na 17. Wiki iliyopita vilikaa 22, na rula yangu imesoma 36.

Jino la juu nimesaga 0.8. Fundi ulisema kweli, hakuhisi. Jumanne tumeweka kipandikizi cha kuzama, unene 4.1, urefu 8. Nilikuwa na nafasi ya kuweka 10 na bado nikabaki mbali na mshipa, ila keekee ya 8 ndiyo iliyoingia wima bila kugombana na gego la juu. Nesi, uzi ulifungwa. Sasa nauachia mfupa miezi mitatu ushike.

Ufizi wake umetoka 2, besi ya titani ingekula 7 katika 7.3 na kubana mno, kwa hiyo nimeiweka kando. Ni kipande kimoja. Ila nilipomwonyesha rangi ya titani alikunja uso. Asema kama ni chuma, basi kiwe dhahabu, kama la marehemu mamake. Nilidhani atanitaka nyeupe. Lawezekana, fundi?

fundi_kauri

Lawezekana vizuri sana. Titani ya kupakwa rangi ya dhahabu usimpe, kwenye uso wa kutafunia itachubuka. Tumwagie aloi ya dhahabu kamili juu ya abatmenti ya UCLA, 1 juu yatosha na jino la juu hailiumizi. Kipimo cha kunakili umbo la kinywa uchukue kwa trei ya kufungwa na kofia fupi ya kukaa juu ya kipandikizi, ile ya skrubu ndefu haitapata nafasi kinywani humo. Skrubu ukaze kwa nguvu iliyoandikwa na kampuni, nyingi ni Ncm 35, halafu tundu uzibe kwanza kwa ule utepe mweupe wa mafundi bomba, ndipo uweke kizibo. Siku itakayobidi kuifungua utauvuta utoke wote.

Muulize la mamake lilikuwa na rangi gani, la manjano kabisa au lenye wekundu. Aloi zatofautiana.