Laki 9 mkononi, gita gani la besi: Precision kuukuu ya Mlandege, Ibanez ya nyuzi 5 au Yamaha mpya?

nyuzi_nne_znz
Asalaam alaykum wadau. Nna laki 9, haziongezeki, nazikusanya tangu Ramadhani. Besi niliyokuwa napigia ilikuwa ya kuazima na mwenyewe kaja kuichukua juzi, mie nimebaki na kazi mbili na mikono mitupu. Kazi ya kwanza hoteli moja Paje, Ijumaa na Jumamosi, rege, zilipendwa, na chochote mgeni atakachotaka. Ya pili kikundi cha taarab hapa mjini Unguja, mazoezi usiku na harusi zikiingia.

Nimeona tatu. Squier Precision kuukuu (Fender ya bei nafuu) ipo Mlandege, mwenyewe anataka laki 6 na nusu, rangi imechubuka pale mkono unapolalia na vyuma vya briji, pale nyuzi zinapokalia chini, vimeota kutu. Ibanez SR305 ya nyuzi 5, akitivu (yani ina betri ndani), iko Dar, jamaa alikuwa anapigia kanisani, laki 9 kamili na nauli ya boti juu yangu. Alafu kuna Yamaha TRBX174, mpya kwenye boksi, duka moja Kariakoo, laki 7 na kitu.

Moyo wangu upo kwa Ibanez, siwafichi. Ule uzi wa tano, ile B ya chini yakhe! Haya nambieni.

fundi_waya
Waalaykum salaam. Kabla hatujakuchagulia mke, nyumba unayo? Yani utaichomeka kwenye nini? Mana watu wanahangaika na gita alafu ampu ni kile kiboksi cha mazoezi. Uzi wa E unatikisika mara 41 kwa sekunde, hiyo B unayoililia ni mara 31 hivi, spika ndogo haiwezi kuitoa, unachosikia ni sauti za juu yake tu na boksi linavyolia. Nshafungua spika nyingi za hoteli za mashamba zilizochanika kwa mchezo huo, mpigaji hasikii anaongeza volyumu, bado hasikii anaongeza, mpaka karatasi inatoka.

nyuzi_nne_znz
Hoteli wana ampu ya kombo ya wati 40, spika inchi 10. Kwenye taarab tunachomeka miksa moja kwa moja.

fundi_waya
Basi B isahau, utaibeba tu Paje na kurudi nayo. Ila niseme na haki yake, kwenye miksa Ibanez itazishinda hizo mbili. Besi isiyo na betri ukiichomeka mzimamzima kwenye tundu la laini (line) la miksa sauti inafifia, inakuwa kama mtu kaifunika blanketi, mnailaumu gita kumbe njia ndo mbovu. Dawa yake DI boksi, kile kiboksi cha kati kinacholinganisha gita na miksa. Ukinunua ya bei rahisi bakisha pesa ya DI boksi, na hilo nakwambia kama fundi sio kama muuzaji, mie siziuzi.

Na kama utakuja kutafuta ampu ya zile za kwenye makontena, geuza nyuma usome volti. Ya Marekani imeandikwa 120, hapa kwetu umeme ni 230. Ukiichomeka inapiga noti moja tu.

mpemba_wa_wete
😂😂 noti moja tu

Mie nlikuwa na nyuzi 5 akitivu miaka miwili nkaiuza. Si mbaya, wallahi saundi yake safi, lakini sikiliza kilichonikuta. Harusi huku shamba, tumefunga vyombo baada ya alasiri, tumejaribu, kila kitu sawa, mie waya nkauwacha umechomekwa nkaenda kula. Kumbe kwenye akitivu ule waya ukiwa ndani ndo swichi yenyewe, betri inaliwa hata kama hupigi, na betri yenyewe sikumbuki ilitiwa lini. Usiku nyimbo ya kwanza, bibi harusi ndo anaingia, besi inaanza kukoroma kama mtu ana mafua, mara kimya. Kijana katumwa na pikipiki kutafuta betri ya volti 9, karudi na mawe ya redio. Mwisho tukaivua betri ya maiki ya msemaji, ile isiyo na waya, na yeye akamalizia shughuli kwa kupiga kelele.

Kosa langu, najua. Lakini Precision haikosi betri kwa sababu haina.

nyuzi_nne_znz
Khaa! Lakini si ntanunua betri mbili nkaweka kwenye begi tu?

mpemba_wa_wete
Utasema ivo ivo mpaka siku ya siku. Mie pia nlikuwa nazo mbili, moja alichukua mtoto.

dada_freti
Naona mnaongelea umeme tu, mikono je? Precision shingo yake pana, kule juu karibu na funguo ina kama milimita 41 mpaka 42, Jazz, ile besi nyengine ya Fender, ni 38. Mie vidole vyangu vifupi nlianzia Precision nkalia miezi miwili alafu nkazoea, sasaivi nikishika Jazz naona kama fimbo. Hiyo Ibanez SR shingo yake nyembamba tena laini, unateleza tu, lakini ya nyuzi 5 nyuzi zimesongamana, kama mkono wako wa kulia umezoea nafasi ya nyuzi 4 utakuwa unagonga mbili mara moja wiki za mwanzo. Kwenye rege huo si mchezo.

Kuhusu Yamaha, mie ndo naipa kura kama hutaki maudhi. Mpya, haina betri, pikapu (sumaku za kunasa sauti) mbili, ya kati imekatwa vipande viwili kama ya Precision, ya nyuma moja ndefu kama za Jazz, unachanganya unavyotaka. Ila ya nyuma ukiifungua peke yake inavuma. Hoteli niliyokuwa napiga tulisimama baina ya friji ya soda na zile taa za kupunguza mwanga, mvumo wake ukadhani nyuki. Ile ya vipande viwili haivumi, kipande kimoja kimezungushwa kinyume cha chenzake, umeme wa nje unajiua wenyewe. Fender wameiweka hivo kwenye Precision tangu 1957 na mpaka leo watu wanaiiga.

kisauni_boy
we unapiga taarab alafu unatafuta freti, hivo vyuma vya shingoni, za nini, nunua hiyo ya Mlandege ng'oa freti kwa koleo umemaliza, robo toni zote, zile noti za katikati, unazo bure

fundi_waya
Usimsikilize huyo. Nshaletewa moja ilong'olewa kwa koleo, ubao wa shingo ulikuwa kama umetafunwa na panya.

mzee_kontrabasi
Vijana salaam.

dada_freti
Shikamoo mzee 🙏

mzee_kontrabasi
Marahaba mwanangu. Huyo kijana wa koleo kakosea dawa lakini ugonjwa kauona. Mimi nimesimama na kontrabasi, lile besi kubwa la kusimama, miaka mingi, nikaja kukaa na gita la besi uzeeni kwa sababu ya mgongo. Kontrabasi uzi wake una zaidi ya mita moja, gita lenu halifiki sentimita 87, na kontrabasi halina freti, noti unaitafuta kwa sikio. Huyo Leo Fender alipotoa gita lake 1951 akaliita Precision kwa sababu hiyo, freti zinakupa noti kamili bila ya kutafuta. Sasa kwenye taarab ndo hapo penye kichekesho. Ukipiga Rast, moja ya maqamu (ngazi za noti) za taarab, ile noti ya tatu haipo kwenye freti, imekaa baina ya ndogo na kubwa. Maqamu ya Bayati ikianzia D, E yake si E wala si E flati. Gita linakupa noti kwa uhakika kabisa, na kwa uhakika kabisa si yenyewe.

Lakini wanangu, hizo noti ni za fidla, ganuni na udi na mwimbaji. Besi kazi yake kushika nyumba. Utakaa kwenye mzizi, noti mama, utapanda noti ya tano juu yake, utarudi, utamfuata mpiga ngoma. Ile noti ya katikati usiiguse, ipishe. Na ukilazimika kupita ipite upesi, hakuna atakayekushika. Mimi kwenye gita sijawahi kuililia freti, nilichokuwa nalilia ni ule mlio wa bati wa nyuzi mpya za kukwaruza. Tia nyuzi bapa, zile zilizosuguliwa laini juu. Vidole havipigi mluzi vikiteleza, sauti inakuwa nene na fupi, karibu na kontrabasi, na chumvi ya hapa inazichelewa.

Na msidharau kitu, kwenye kidumbaki, ile taarab ndogo ya mitaani, watu wameshika besi kwa sanduku, uzi mmoja na kijiti, unakivuta uzi unakaza unakilegeza unashuka, na harusi nzima inacheza.

nyuzi_nne_znz
Mzee Mungu akuweke. Sasa nyuzi bapa zitaniwia vipi kwenye rege ya hoteli?

mzee_kontrabasi
Rege? Rege ndo nyumbani kwao.

dada_freti
Kweli. Tena punguza toni mpaka mwisho.

fundi_waya
Basi kama ni ivo nenda Mlandege kaijaribu, lakini usiende kama mkwe, nenda kama askari. Nenda na waya wako na ampu yako unayoijua sauti yake. Shingo: bonyeza uzi wa E freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, tizama katikati kwenye freti ya 7 au 8, pawe na uwazi mdogo wa kupita karatasi ngumu. Uwazi ukiwa mkubwa shingo imepinda, si tatizo kama chuma cha ndani ya shingo, cha kuinyoosha, kinazunguka, tatizo ni kama kimegoma. Muombe mwenyewe akizungushe robo tu mbele yako, akikataa jua kuna siri. Alafu uzi wa G piga freti moja moja kuanzia ya 4 mpaka ya 8, uache ulie, Fender nyingi zina mahali hapo noti inakufa upesi, hiyo haina dawa, ni mti.

mpemba_wa_wete
Na vitufe uvizungushe vyote. Vikikwaruza usiogope ila punguzia bei 😄

nyuzi_nne_znz
Wadau nimerudi. Jana baada ya magharibi nlikwenda. Jamaa muungwana, katutandikia mkeka barazani, kahawa ikaja, mie nkatoa kiampu changu na waya. Kuichukua tu mkononi nkaona uzito, ya kweli hii sio ya ubao wa boksi. Kitufe cha toni kinakwaruza vibaya. Shingo ilikuwa imepinda, ule uwazi kwenye freti ya 8 unapita shilingi, yani nyuzi zipo juu kama kamba ya kuanikia nguo. Nkamwambia tuzungushe chuma, akasema hana ufunguo, nkatoa wangu wa L (asante fundi). Kuingia uliingia, lakini haukwenda. Jamaa akanitizama, mie nkamtizama. Tukalegeza nyuzi kwanza, nkajaribu tena pole pole, pakatoka kimlio "ti!" moyo ukaniruka nkajua nimevunja, kumbe ndo imeachia. Robo, tukangoja tukanywa kahawa, robo nyengine. Nyuzi zikashuka mbele ya macho yetu.

G freti ya 6 inakufa mapema kidogo, ya 5 na ya 7 nzima. Naweza kuishi nayo. Skrubu ya kukalia uzi wa D kwenye briji imeshikana na kutu haipandi haishuki.

Nkapiga mzizi na ya tano tu kama mzee alivosema. Mjukuu wa jamaa, mtoto wa miaka minne hivi, akaja akaweka kiganja chake kwenye ampu akacheka.

Laki 5 na nusu, nimeibeba.

dada_freti
Hongeraaa. Na Ibanez umeisahau?

nyuzi_nne_znz
Nimeisahau mpaka nlipofika nyumbani nkaitizama tena picha yake 😩

fundi_waya
Skrubu usiilazimishe utaikata kichwa. Tia mafuta ya kulegezea kutu usiku, ilale, asubuhi izungushe kidogo mbele kidogo nyuma. Ikigoma rudia. Kitufe cha toni safisha kwa dawa ya kupulizia ya vyombo vya umeme, sio mafuta ya kupikia, nshaona. Na kila ukimaliza kupiga futa nyuzi na briji kwa kitambaa kikavu, hasa Paje, upepo wa kusi ule una chumvi.

nyuzi_nne_znz
Nimebakiwa na laki 3 na nusu. DI boksi kwanza au nyuzi bapa kwanza? Zilizopo zimekufa kabisa, zinalia kama mpira.

mpemba_wa_wete
DI boksi. Nyuzi zichemshe kwenye sufuria dakika kumi, mafuta ya vidole yanatoka, alafu zikaushe sana kabla hujazirudisha la sivo zinaota kutu wiki ile ile. Zitakupa wiki mbili tatu za uhai. Sufuria usichukue ya mkeo.

nyuzi_nne_znz
Nshachukua.

kisauni_boy
ile Ibanez ya Dar bado ipo? nipeni nambari ya huyo jamaa

nyuzi_nne_znz
Nakutumia kwenye meseji. Betri nunua tatu.